Mkoa wetu unalisha nchi, watoto wetu wamedumaa: neno la mhafidhina wa kijijini

Mkaa Kijijini (mleta uzi)

Wakuu, kamwene.

Nina neno la muda mrefu na leo nalitoa lote, naomba mnivumilie. Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi mkoani Njombe, Mlutheri, baba na babu. Ni mhafidhina. Naamini nyumba ina mkuu wake na mkuu huyo ana wajibu kabla ya kuwa na haki. Naamini watoto hulelewa na wazazi na ukoo, na ardhi ya babu haiuzwi kwa sababu ya simu au harusi. Humu ndani mtu akisema hivyo anaambiwa anazuia maendeleo. Sawa, tuyaangalie hayo maendeleo kwa jicho la mtu anayeishi huku.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ulionyesha kwamba katika watoto wa chini ya miaka mitano, Iringa waliodumaa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4 na Rukwa 49.8. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Someni tena majina ya mikoa hiyo. Hakuna jangwa hapo. Ndiko yanakotoka mahindi, viazi, maharage na sasa parachichi zinazopanda meli. Mkoa wangu mtoto mmoja kati ya wawili ni mfupi kuliko umri wake, na kudumaa si urefu tu, kunagusa na akili yake darasani. Na kilichopotea ndani ya zile siku 1000 za kwanza, tangu mimba inatungwa hadi miaka miwili, hakirudi chote hata ukimlisha vipi baadaye.

Kila mkutano tunaambiwa serikali ina mpango. Mimi nasema tatizo hili limeanzia jikoni kwetu, na sisi wanaume ndio wa kwanza kuulizwa.

Zamani nyumba ya huku ilikuwa na shamba la juu na kinyungu bondeni. Shamba la juu lilitoa mahindi, kinyungu kilitoa mboga, maharage mabichi na mahindi ya kuchoma kiangazi kizima. Kuku walikuwa wa nyumbani, na yai lilikuwa la mtoto. Leo gunia la maharage halilali ndani usiku wa pili, dalali ameshalichukua. Maziwa yanatoka alfajiri kwenda kwa mnunuzi na hakibaki kikombe. Yai linauzwa, pesa inanunua soda na biskuti za dukani. Mahindi tunayakoboa mpaka yawe meupe kama ya mjini, kiini na pumba tunampa nguruwe, halafu mtoto anakunywa uji wa wanga mtupu asubuhi na ugali wa wanga mtupu jioni. Nguruwe ananenepa.

Nani aliamua hivyo? Waziri hakuja nyumbani kwangu kuamua. Pesa ya maharage inaingia mfukoni mwa baba, na baba wengi wa huku wakati wa masika wako kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Nasema wazi kwa sababu nawajua kwa majina. Mwanamume anauza debe la mwisho la maharage, anakaa kilabuni hadi giza, mkewe yuko shambani na mimba ya miezi saba, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu kaachwa na dada yake wa miaka saba. Kuna nyumba mtoto mdogo anaonjeshwa ulanzi alale. Huo si utamaduni wetu. Wazee niliowakuta walikuwa wakali kuhusu nani anakunywa, saa ngapi, na baada ya kazi gani. Tulichobakiza ni pombe, ule ukali tumeutupa. Ndiyo maana nasema mimi ni mhafidhina: naudai ukali urudi.

Sasa siasa, kwa sababu mambo haya yamefungamana.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ilituhamisha. Wazazi wetu waliacha makaburi na miembe na kuja kupangwa mistari barabarani. Mahame yao yapo mpaka leo, ukipita unaona mawe ya mafiga. Tuliahidiwa shule, zahanati na maji, na kweli shule zilikuja, siwezi kukana. Lakini tulijifunza jambo moja baya, kwamba kijiji ni kitu kinachoamuliwa na mtu aliyeko mbali. Tabia hiyo haijatutoka. Choo cha shule kikititia tunasubiri mbunge. Mtoto akidumaa tunasubiri mradi.

Na sheria haisemi hivyo! Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na unakutana kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haimgawii mtu ardhi bila mkutano huo kuidhinisha. Hiyo ndiyo siasa ninayoiamini: watu wanaojuana, wamekaa kwenye nyasi, wanamtazama usoni mtu wanayemuuliza pesa zao ziko wapi. Sasa niambieni, kijijini kwenu mkutano huo umeitwa lini mara ya mwisho na mapato na matumizi yakasomwa?

Mimi nililelewa kwenye chama. Ahadi za mwana-TANU nazijua kwa moyo mpaka leo: cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa. Nikimwona mwenyekiti wa kijiji amepita bila kupingwa, kisha anauza kipande cha msitu wa kijiji kwa mtu wa mjini anayetaka kupanda paina, siwezi kunyamaza eti kwa sababu ni wa chama changu. Uhafidhina ni kuzishika ahadi hizo hata zikikugharimu rafiki.

Nimemaliza kwa sasa. Karibuni, pingeni kwa hoja.

Kijana wa Mbagala

Mzee wangu, shikamoo. Nimezaliwa Wanging'ombe, sasa niko Dar. Umeongea mengi ya kweli lakini kwenye siasa nakupinga. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilisusia, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Wa Novemba 2024 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi kwenye fomu, CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98. Sasa huo mkutano mkuu wa kijiji unaousifia utamwuliza nini mtu ambaye hakuhitaji kura yako? Nyie wazee mmekishikilia chama kile kile miaka yote, halafu mnalalamika mwenyekiti anauza msitu.

Mkaa Kijijini (mleta uzi)

Marahaba mwanangu. Hoja yako nzito na nitaijibu yote.

Mwenyekiti asiyepingwa simpendi hata akiwa mwanangu wa kuzaa. Mtu wa kijijini akijaza fomu akaenguliwa kwa sababu ameandika jina la kijiji kwa herufi ndogo, kilichoumizwa ni kijiji kizima, maana kimenyimwa kuchagua kati ya watu wawili kinaowajua. Nilisema hivyo kwenye kikao cha tawi, na nikasema mbele ya viongozi.

Ila angalia sehemu ya pili. Mkutano mkuu hauhitaji chama. Watu mia mbili wakifika, wakakataa kupitisha taarifa mpaka risiti ziletwe, mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anatoka jasho sawa na aliyepita kwa kura moja. Kwetu imetokea. Shida ni kwamba wanafika ishirini, na kumi kati yao wamefuata posho. Vijana mko Mbagala, Tunduma na Makambako stendi. Wazee tumechoka. Kina mama wako shambani. Utaratibu upo kwenye sheria lakini unakufa kwa kukosa watu wa kukaa kwenye nyasi.

Nesi wa Kata

Naomba nitie neno, mimi ni muuguzi wa zahanati huku huku nyanda za juu, nimekaa vijijini kazi yangu yote.

Baba, nashukuru umewataja wanaume, maana kliniki ninaongea na akina mama peke yao mwaka mzima. Namwambia mama ampe mtoto yai, ananijibu, "Nesi, kuku ni wa baba." Namwambia apumzike miezi ya mwisho ya mimba, anacheka. Msimu wa kupanda viazi anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anarudi saa kumi jioni, ndipo atafute kuni. Mtoto wa miezi minane anatakiwa kula kidogo kidogo mara tatu, na kunyonya katikati. Yeye anakula asubuhi na usiku, tena uji uliopoa uliokaa kwenye chupa tangu alfajiri. Hapo kuharisha kunaingia, na mtoto anayeharisha kila mwezi hata ukimpa nyama mwili haupokei.

Kwa hiyo chakula kuwepo ndani hakutoshi. Mikono ya mama ndiyo imeishiwa nafasi. Mkitaka ukali urudi, urudi na kwenye kazi: baba abebe kuni, baba achote maji mke akiwa na mimba. Najua baadhi yenu mtasema hiyo si desturi.

Na neno moja kuhusu dona. Ni kweli sembe iliyokobolewa inapoteza mafuta, vitamini na sehemu ya protini. Lakini dona ya mahindi yaliyovunwa mabichi na kuhifadhiwa na unyevu ni hatari, kuna sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Huku kwetu kuna ukungu na mvua ndefu, kausheni juu ya turubai na si kwenye udongo, punje zilizooza zitupwe, wala msimpe kuku. Ndipo msage dona.

Mama Parachichi

Nesi Mungu akubariki. Mimi mjane, nalima parachichi na nina ng'ombe wawili. Kikombe cha kwanza cha maziwa ni cha wajukuu, kinachobaki ndicho kinaenda kwa mnunuzi. Watu waliniambia napoteza pesa. Sijapoteza, pesa ya hospitali ndiyo imepungua.

Ila kuna jambo mleta uzi hujaligusa. Mabinti zetu. Binti anamaliza darasa la saba, anakuja shangazi wa mbali kutoka Dar, anamchukua kwenda kufanya kazi za ndani. Ana miaka kumi na minne. Anarudi baada ya miaka mitatu ana mtoto mgongoni, baba wa mtoto hajulikani, na yeye mwenyewe bado anakua. Mtoto wa mama aliye mtoto ndiye anadumaa wa kwanza. Wanaume mnaozungumzia heshima ya nyumba, mnawatoa mabinti wenu kwa nauli ya basi na kanga mbili. Kwa hili simsubiri serikali wala mbunge, baba amkatalie huyo shangazi.

Mkaa Kijijini (mleta uzi)

Dada yangu, hilo limenichoma na naliunga mkono neno kwa neno. Kumtoa binti wa miaka kumi na minne kwa mtu usiyejua hata anaishi mtaa gani ni kuuza ukoo. Kwetu tumekubaliana na wazee wa kanisa kwamba anayekuja kuchukua binti apite kwanza kwa balozi wa nyumba kumi na kwa mtendaji wa kijiji, aandike jina na anakompeleka, na binti asiyemaliza kidato cha nne haondoki. Elimu mpaka kidato cha nne haina ada, kisingizio kimeisha. Wengine wamekasirika. Wakasirike.

Nesi, kuhusu kuni na maji. Mtume Paulo aliandika mume ampende mke wake kama mwili wake mwenyewe. Hakuna mtu anayeubebesha mwili wake mwenyewe ndoo kichwani, mimba tumboni na jembe begani. Ikiwa desturi inasema hivyo, desturi hiyo iachwe. Kushika ya zamani hakujawahi kuwa kushika kila kitu. Tazameni tohara: sisi Wabena kwa asili hatukutahiri. Kampeni zilipokuja huku miaka ya 2010 tukaelezwa kwamba inampunguzia mwanamume hatari ya kupata virusi vya UKIMWI kwa kama asilimia 60, wazee tukapeleka vijana. Mkoa wetu ndio unaoongoza kwa maambukizi nchini, asilimia 12.7 ya watu wazima kwenye utafiti wa 2022/23 wakati taifa ni 4.4. Tumezika sana, Makete wanajua. Tohara tumekubali, dawa tunameza, wala hakuna aliyefukuzwa kijijini kwa sababu ya vidonge vyake. Lakini tohara haimlindi mtu anayelala kila stendi lori linaposimama. Hilo ni la tabia, na tabia inafundishwa nyumbani na kanisani, na mimi nitaendelea kulisema hata mkiniita mshamba.

Mnyalu wa Mufindi

Wakuu mmeongea afya mkasahau lumbesa. Mtu hawezi kubakiza maharage na maziwa kama anapunjwa kwenye viazi. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Nenda shambani kwetu leo uone, gunia linashonewa kofia juu mpaka linakuwa kilo 120 na zaidi, bei ile ile ya gunia moja. Mkulima anampa tajiri kilo ishirini bure kwa kila gunia, halafu kufidia anauza na chakula cha ndani. Hapo baba mlevi na baba asiye mlevi wote wanapunjwa sawa.

Dalali Mstaafu

Nimefanya biashara hiyo miaka mingi, Makambako hadi Mabibo sokoni. Mnyalu wa Mufindi yuko sahihi, ila aelewe inavyokwenda. Mjini mnunuzi anahesabu gunia, ushuru unahesabiwa kwa gunia, kibarua analipwa kwa gunia, gari linalipwa kwa gunia. Kila mtu njiani analipa kidogo gunia likiwa kubwa. Anayelipia tofauti yote ni mkulima peke yake. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, dalali anavuka barabara kwenda kwa jirani. Dawa ni kijiji kizima kuwa na mzani mmoja na kukataa kwa pamoja. Nimeona vijiji vikijaribu. Vinavyoshindwa huwa vinashindwa kwa mtu mmoja mwenye shida ya ada anayeuza usiku.

Mkaa Kijijini (mleta uzi)

Asante sana kwa kutueleza hesabu za ndani, hayo huwa hatuambiwi. Hapo ndipo ujima wetu wa zamani una kazi. Mwenye shida ya ada asiuze usiku, wenzake wamkopeshe mpaka gari la mzani lije. Zamani tulilimiana kwa zamu bila karatasi yoyote, tulizikana, tulijengeana. Leo msibani tunachanga vizuri kabisa, kila nyumba inatoa unga na pesa bila kusukumwa. Kama tunaweza kumchangia marehemu, tushindwe kumchangia jirani aliye hai asiuze kwa lumbesa?

Kijana wa Mbagala

Mzee nakuelewa zaidi sasa. Swali la mwisho kwangu: bima ya afya kwa wote, unaikubali au unaona ni serikali kuingia nyumbani? Maana sheria ilipita bungeni 2023.

Mkaa Kijijini (mleta uzi)

Naikubali kwa masharti. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, nililipa, shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na naona ni jambo jema: mzima anamchangia mgonjwa, ni ujima ule ule. Kilichowakatisha watu tamaa huku ni kufika zahanati na kadi mkononi, ukapimwa vizuri, kisha ukaandikiwa karatasi ya kwenda kununua dawa dukani. Ukifanyiwa hivyo mara mbili mwaka wa pili hulipi. Hatugomei bima, tunagomea karatasi.

Jambo la pili, mchango udaiwe wakati wa mavuno. Anayekuja kudai Januari anatukuta tumeshika mbolea na ada, hata mwenye nia hana kitu.

Na hospitali za misheni zisiachwe nyuma. Watu wa huku wanajua Ilembula, wanajua Ikonda kule Makete, watu wanasafiri kutoka mikoa mingine kwenda kutibiwa milimani. Zilijengwa na waumini, zinaendeshwa kwa nidhamu, kadi ya mwanakijiji ifike na huko.

Nesi wa Kata

Mleta uzi, kabla uzi haujapotea: kwenye mkutano wenu ujao wa kijiji, ombeni siku ya afya na lishe ya kijiji iwe kwenye ajenda. Inatakiwa kufanyika kila robo mwaka. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapima watoto mkono kwa utepe, anapima uzito na urefu, na matokeo yanasomwa mbele ya watu kwa idadi, bila majina. Na waiteni akina baba kwa barua, kila kaya barua yake. Nilipofanya hivyo walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wakaja na kupika uji pamoja: mahindi, maharage yaliyomenywa, karanga, kijiko cha mafuta, na maziwa.

Mama Parachichi

Na dagaa, nesi. Dagaa wa Ziwa Nyasa wanafika mpaka kwetu, saga uchanganye kidogo. Wajukuu wangu hawajui hata kama wamo.

Mkaa Kijijini (mleta uzi)

Nimeandika yote. Mkutano wetu ni baada ya kuvuna viazi. Kesho napeleka barua kwa mtendaji, nakala kwa mwenyekiti na kwa mtendaji wa kata, yenye ajenda tatu: mapato na matumizi pamoja na ule msitu, mzani wa kijiji, na upimaji wa watoto. Wazee wa kanisa wameshasaini, na Wakatoliki wa kigango cha jirani wamekubali kusaini. Dalali Mstaafu, naomba uniambie mzani wa aina gani unafaa kwa magunia na kama ni lazima ugongwe muhuri na watu wa vipimo kabla ya kutumika.

Dalali Mstaafu

Ni lazima, tena kila mwaka. Chukueni wa kusimama chini wenye sahani pana, achaneni na wa kuning'iniza, unabishaniwa sana. Andikeni barua ofisi ya vipimo ya mkoa kabla hamjanunua, wawaeleze wanaoukubali.